Plagi iliyoingia vizuri na bado haikufaa: kisa cha Ferguson ya Muheza

Malalamiko yalikuwa mafupi. Trekta linawaka asubuhi bila ubishi, linavuta tela la machungwa safari ya kwanza, kisha linaanza kumisi (silinda inaruka zamu bila kuwaka), linatoa moshi mweusi, na mwisho linazima lenyewe likiwa limesimama kusubiri kupakiwa. Ukitoa plagi, zile za cheche inayowasha mafuta ndani ya silinda, unakuta nyeusi tii. Ukizisugua kwa brashi ya waya na petroli linarudi kazini, na kesho yake ni yaleyale. Mwenyewe, mzee mwenye shamba la michungwa nje kidogo ya Muheza, alikuwa ameshabadilisha plagi zaidi ya mara moja, ameshauziwa koili mpya (ndiyo inayopandisha umeme wa cheche), na sasa alikuwa anatafutiwa kabureta.

Kulikuwa na lalamiko la pili ambalo alilitaja kwa kupitia tu, kama mtu anayeelezea tabia ya ng'ombe wake: ukizima swichi baada ya kazi nzito, injini inaendelea kujizungusha kidogo, inatikisika, ndipo inakata. Nilimwomba alirudie hilo. Moshi mweusi una sababu nyingi, lakini injini ya petroli inayowaka bila cheche ina maana kuna kitu ndani ya silinda kinachowaka chenyewe kama kaa.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu plagi tatu kati ya nne zilizokuwa kwenye trekta lile zilikuwa halisi, mpya, za kampuni yenye jina, na ziliingia kwenye tundu zake barabara. Aliyemuuzia hakumdanganya. Alimpa kilichoingia.

Kwanza ni trekta gani

Ferguson TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, kwenye kiwanda cha Banner Lane kilichoendeshwa na kampuni ya Standard Motor. Zilitoka zaidi ya 500,000 na zikasambaa kila pembe ya dunia. Mpanda milima Edmund Hillary alifika nazo Ncha ya Kusini mwezi Januari 1958. Kwa rangi na umbo zote ni moja, kijivu, pua fupi, na mtu akisimama barabarani hawezi kutofautisha ya petroli na ya dizeli mpaka asikie mlio. Ndiyo maana ukienda dukani ukasema "nataka plagi za Ferguson" hujasema kitu.

Herufi kwenye kibati cha namba ndizo zinazosema. TE20 isiyo na herufi ya tatu ni zile za mwanzo, zenye injini ya Continental kutoka Marekani. TEA20 ni petroli, injini ya Standard. TED20 ni ya mafuta mazito kidogo yaliyofanana na mafuta ya taa, ambayo Waingereza waliwatengenezea wakulima maalumu kwa sababu petroli ilikuwa ghali. TEH20 iliundwa kwa ajili ya mafuta ya taa yenyewe. TEF20 ni dizeli, na huyo plagi za cheche hana kabisa. Usichukue plagi ya Continental ukaipeleka kwenye Standard bila kupima uzi, hata kama matrekta yote mawili yamesimama bega kwa bega na boneti zake zinabadilishana.

Kibati cha trekta la mzee kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu pamoja na dashibodi yote. Nilikikwangua kwa ncha ya bisibisi nikaipata TED. Hata kama kisingesomeka, dalili zilikuwepo: chini ya boneti kulikuwa na tanki dogo la petroli mbali na lile kubwa, na koki ya njia mbili ya kuchagua moja kati ya hayo mawili. Sikuishia hapo, maana trekta la miaka 70 linaweza kuwa limeshabadilishwa injini nzima. Injini hizi za Standard zilitumika pia kwenye gari la Standard Vanguard na, zikiwa zimechangamshwa, kwenye Triumph TR2, na silinda hedi (vifuniko vya silinda, zinakofungwa plagi) za jamii hiyo zote zinachukua plagi ya uzi wa mm 14 yenye urefu wa uzi wa mm 12.7, yaani nusu inchi. Nilipima tundu la silinda ya kwanza kwa kijiti kilichopindwa kichwa: nusu inchi. Hapo nikawa najua ninachotafuta kwa upande wa chuma. Upande wa joto ulikuwa bado.

Injini iliyoundwa kufanya kazi moto, inafanya kazi baridi

TED20 inawashwa kwa petroli ya tanki dogo. Ikipata moto, dereva anageuza koki na injini inaendelea na mafuta mazito. Mafuta hayo hayapendi kuwa mvuke. Ukiyapa injini baridi yanabaki matone, yanalowesha plagi, yanateremka kwenye kuta za silinda na kuizimua oili. Kwa hiyo wahandisi walifanya mambo mawili. Walipunguza mgandamizo wa silinda, kwa kuwa mafuta hayo yanagonga haraka (yanalipuka kwa kishindo badala ya kuungua) yakibanwa sana. Na walihakikisha injini inabaki na joto: manifoldi ya ekzosi inaipasha ile ya kuingiza hewa, na themostati inayashikilia maji mpaka yapate moto wa kutosha.

Sasa tazama trekta hili lilivyokuwa likitumika. Tanki kubwa lilikuwa na petroli. Mafuta ya taa mzee aliyaacha zamani, na ana sababu: tangu 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua uchakachuaji wa dizeli, unafuu wake uliisha. Kulima halilimi tena, kwa kuwa kuna vijana wenye matrekta makubwa wanaolima kwa ekari. Kazi yake ni kuvuta tela kati ya michungwa, mwendo wa mtu anayetembea, kusimama, kupakiwa, kusogea tena, na muda wote wa kupakia injini inanguruma silensa, yaani mwendo wa chini bila kuvutwa gesi. Mgandamizo mdogo, mzigo mwepesi, silensa nyingi.

Na nilipofungua mdomo wa bomba la maji juu ya injini, themostati haikuwemo. Hili sikushangaa. Huku kwetu themostati ndicho kifaa cha kwanza kutupwa na fundi akisikia neno "joto", na gari linaondoka gereji maji yakizunguka rejeta toka dakika ya kwanza. Kwenye lori linalopanda milima labda utaponea. Kwenye injini iliyoundwa kuchemka ili ifanye kazi, umeikata miguu.

Zile plagi zenyewe

Nilizitoa zote nne nikazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda. Tatu za kwanza: B8HS za kampuni ya NGK. Masizi makavu, laini, yanayoshika vidole, yamejaa mpaka ndani kabisa kuzunguka kauri. Ya pili ilikuwa na ung'avu wa oili juu ya masizi. Ya nne ilikataa kutoka.

Namba za NGK zinasomeka kirahisi ukishajua. B ya mwanzo ni uzi wa mm 14. Tarakimu ni daraja la joto. H ni urefu wa uzi wa mm 12.7, ingekuwa E ungekuwa mm 19. S ni muundo wa kawaida wa kiini cha shaba. Ukiona P baada ya B, kauri imechomoza nje zaidi kuelekea ndani ya silinda, na ukiona R kuna kizuizi cha umeme ndani cha kupunguza kelele za redio.

Kwa hiyo B8HS ni mm 14, nusu inchi. Inaingia. Na nilijua ilikotoka kabla sijauliza: mashine nyingi za boti za tu-stroki, hasa Yamaha zinazosukuma mashua pwani yote ya Tanga, zinatumia B7HS na B8HS. Plagi hizo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Mzee alikwenda mjini na plagi ya zamani mkononi, muuzaji akazisimamisha mbili juu ya kaunta, uzi sawa, urefu sawa, kichwa sawa.

"Imeingia bila shida, fundi, kwa mkono tu," aliniambia. "Kosa lake liko wapi?"

"Mzee wangu, kuingia imeingia. Lakini hii imezoea injini inayokimbia bahari nzima gesi imevutwa mwisho. Hapa kwako inaona baridi."

Kosa lake liko kwenye ile 8. Daraja la joto la plagi halisemi cheche ni kali kiasi gani, ingawa hivyo ndivyo madereva wengi wanavyoelewa wakisikia "plagi ya moto". Linasema joto linaondoka haraka kiasi gani kutoka kwenye ncha ya kauri kwenda kwenye silinda hedi. Kauri yenye pua ndefu ina safari ndefu ya kupeleka joto, kwa hiyo ncha yake inabaki moto. Kauri yenye pua fupi inapoa upesi. Mashine ya boti inayokaa kwenye mzigo mkubwa muda mrefu inahitaji ile ya kupoa, la sivyo ncha itayeyuka. Lakini plagi yoyote inapaswa kufika kama nyuzi joto 450 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, na isipande zaidi ya 850 hivi, maana huko ncha inakuwa kiberiti na mafuta yanawaka kabla ya wakati. Ndani ya trekta hili linalovuta tela kwa mwendo wa kobe, B8HS haikuwa inafika hata nusu ya safari hiyo. Masizi yanakaa juu ya kauri, masizi ni kaboni, kaboni inapitisha umeme, na umeme badala ya kuruka pengo unateremka kimyakimya juu ya uso wa kauri. Hapo silinda imemisi, mafuta yake hayakuungua, yanaongeza masizi.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwakamata hata mafundi. Kwa kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kitabu cha zamani cha Mwingereza kimeandikwa kwa namba za Champion za wakati huo. Mtu anasoma 10 pale, anakuja dukani anaomba NGK ya namba kubwa ili "isogeleane", naye anakuwa ameelekea kusini wakati safari ni ya kaskazini. Tumia jedwali la ulinganisho la mtengenezaji, si hesabu ya kichwa.

Ya nne ilitoka kwa mafuta ya kulegeza kutu na subira, robo mzunguko mbele, robo nyuma. Haikuwa B8HS. Ilikuwa BP6ES, uzi wa mm 19, na mtu aliyeifunga alijua ni ndefu kwa sababu aliivalisha washa tatu, zile pete za chuma za kukalia plagi. Hata hivyo milimita kama tatu za uzi zilikuwa zimechungulia ndani ya silinda, zimevikwa kaboni ngumu kama lami iliyokauka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikikwaruza meno ya silinda hedi wakati wa kutoka. Kwa bahati, silinda hedi hizi ni chuma cha kalibu, si aluminiamu, na meno yalipona. Kwa bahati nyingine, pistoni ya injini ya mgandamizo mdogo haipandi karibu sana na plagi. Kwenye injini nyingine ile plagi ingegongwa mzunguko wa kwanza.

Na hapo lalamiko la pili likajieleza. Meno ya plagi yaliyoachwa uchi ndani ya silinda hayana pa kupelekea joto, na washa zilizorundikwa zinaikata njia ya joto kwenda kwenye silinda hedi. Injini ikipata mzigo, ile kaboni kwenye meno inakuwa nyekundu. Ukizima swichi silinda ya nne inaendelea kuwaka kwa kaa lake lenyewe. Trekta moja, magonjwa mawili yanayopingana: silinda tatu za baridi mno na moja ya moto mno.

Kabla ya kununua chochote

Kishawishi kilikuwa kuagiza plagi mpya papo hapo. Lakini plagi hupokea lawama za kila kitu kilicho juu yake, na nilitaka kujua ni lawama ngapi ni zake.

Nilipima mgandamizo. Silinda ya kwanza, ya tatu na ya nne zilikaribiana. Ya pili ilikuwa chini. Nilitia oili kidogo kupitia tundu la plagi nikapima tena, ikapanda. Hizo ni ringi (pete za pistoni), si valvu. Nikaliandika hilo pembeni.

Choki: waya wake ulikuwa na kutu na kipepeo hakikurudi wima kabisa. Ukiisukuma kitasa inafika mwisho, lakini kule kwenye kabureta bado imefunga kidogo. Hii peke yake inatosha kutia injini petroli ya ziada kutwa nzima. Tone la oili, waya ukavutwa na kurudishwa mpaka ukalegea, basi. Kabureta haikuguswa zaidi ya hapo, na ile ya kununua ilifutwa kwenye orodha.

Kisha koili mpya. TED20 hutumia volti 12, na kama magari mengi ya Kiingereza ya zama zile, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Trekta la mzee lilikuwa bado hivyo, halijageuzwa. Aliyefunga koili mpya aliikuta imeandikwa + na −, akafanya kama anavyofanya kwenye Toyota: + kwenda swichi, − kwenda kwenye disibuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda. Kwenye mfumo wa chanya bodini hiyo ni kinyume. Cheche bado inatoka, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, lakini inaruka kutoka upande usiofaa. Kiini cha katikati cha plagi ndicho chenye moto zaidi, na umeme huachia chuma cha moto kwa urahisi zaidi kuliko cha baridi. Ukigeuza mwelekeo, koili inabidi ipandishe volti zaidi ili iruke pengo lilelile. Injini safi itavumilia. Plagi yenye masizi haivumilii.

Kulithibitisha hili hakuhitaji mashine. Shika kichwa cha waya wa plagi kwa koleo lenye mpini wa plastiki nzima, kiweke umbali mdogo kutoka kwenye kichwa cha plagi, na uweke ncha ya risasi ya penseli katikati ya pengo wakati msaidizi anazungusha injini. Mwako wa rangi ya chungwa ukijitokeza upande wa plagi, mwelekeo ni sawa. Ukijitokeza upande wa waya, geuza nyaya mbili ndogo za koili. Kwa mzee ulijitokeza upande wa waya. (Msaidizi awe anajua kuwa Ferguson hii haina kitufe cha stata: unasukuma gia kwenye herufi S. Nimeona kijana akitafuta kitufe mpaka akakata tamaa.)

Niligeuza nyaya za koili, nikatengeneza choki, nikasafisha zile B8HS tatu, na kwa silinda ya nne nikapata B8HS ya akiba aliyokuwa nayo mzee. Plagi za kusudi sikuzigusa bado. Ungebadilisha vyote kwa pamoja trekta lingepona na usingejua limeponywa na nini, kisha likiugua tena unaanza mwanzo.

Lilifanya vizuri zaidi kuliko awali. Kujizungusha baada ya kuzima kulikwisha palepale, na hilo lilitarajiwa, ile plagi ndefu ilishaondoka. Moshi ulipungua. Lakini siku za kupakia, zile za kusimama sana, kumisi kulirudi, taratibu zaidi, na kauri zilikuwa nyeusi tena. Hapo ndipo niliporidhika kwamba ile 8 ina kesi ya kujibu.

Kuchagua

Mezani kulikuwa na B6HS, B5HS, BP5HS na B4H, zote za mm 14, nusu inchi.

B6HS ni chaguo la kawaida kwa wenye TEA20 ya petroli, na kama mzee angekuwa analima kutwa ningeishia hapo. Plau ndani ya udongo mzito inaipa injini hii mzigo wa kweli, na ncha ya daraja la 6 ingejisafisha. Kwa tela la machungwa niliiona bado ni ya baridi.

B4H ilipendekezwa na fundi mwenzangu ambaye ninamheshimu. Hoja yake: silinda ya pili inakula oili, mpe plagi ya moto kabisa iunguze oili hiyo. Ni dawa ya zamani na inafanya kazi kwa muda. Niliikataa kwa sababu mbili. Inaficha ringi mbovu mpaka siku zitakapovunjika, na siku mzee atakapomkopesha jirani trekta akalime nalo, plagi ya moto kiasi hicho inaweza kuwasha kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Ukitaka kuitumia, itumie kwenye silinda moja inayokula oili, ukijua unanunua muda.

Kati ya B5HS na BP5HS nilichukua BP5HS. Joto ni daraja lilelile, lakini kauri iliyochomoza inakaa ndani zaidi kwenye moto injini ikiwa silensa, kwa hiyo inapata joto upesi, na injini ikikazana inapigwa na hewa baridi inayoingia, inapoa. Kwa kazi ya kusimama na kusogea ndiyo tabia unayoitaka. Nilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo kwa sababu pistoni haifiki karibu. Kwenye injini usiyoijua, bandika donge la udongo laini juu ya pistoni, zungusha kwa hendeli, fungua uone limebonyezwa wapi kabla ya kuamini.

R sikuihangaikia. Trekta halina redio, na plagi isiyo na kizuizi haitaki kingine chochote kutoka kwa koili. Ukikosa isiyo na R, yenye R itafanya kazi kwenye mfumo wa koili kama huu.

Pengo la cheche nililiweka mm 0.7 kwa fila (bamba jembamba la kupimia), zote nne, bila kujali lilivyotoka kwenye boksi. Boksi huanguka. Uzi ulifutwa ukauke, plagi ikaingizwa kwa vidole mpaka ikakaa, kisha nusu mzunguko kwa spana ili washa mpya ibonyee. Washa moja kwa kila plagi. Nasisitiza moja.

Kisha themostati. Ilichukua muda kuipata kuliko plagi, na mzee hakufurahia kulipia kitu ambacho fundi wake wa zamani alikitoa bure. Ningemshauri yeyote mwenye TED20 aanzie hapa, hata kabla ya plagi.

Kusoma majibu

Plagi iliyotolewa baada ya injini kuachwa silensa dakika kadhaa inakuonyesha silensa tu. Tulipakia tela, tukalipandisha kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, na katikati ya kilima, injini ikiwa inavuta, mzee akakanyaga klachi na kuzima swichi papo hapo. Tukafunga magurudumu kwa mawe na kufungua plagi palepale, zikiwa bado zinachoma.

Ya kwanza, ya tatu na ya nne: kauri ya kahawia hafifu sana, karibu na rangi ya chai ya maziwa, na duara la masizi membamba kwenye ukingo wa chuma. Usitafute ile kahawia iliyokolea ya picha za vitabu vya zamani. Rangi hiyo ilitokana kwa sehemu na risasi iliyokuwa kwenye petroli, na petroli yenye risasi ilishaondoka kwenye vituo vyetu tangu katikati ya miaka ya 2000. Wengi wanaona kauri nyeupe kidogo, wanaogopa, wanarudi kwenye plagi ya baridi, na mduara unaanza upya. Weupe wa kuogopa ni ule wenye malengelenge au vijipunje vinavyong'aa.

Ya pili ilikuwa kahawia upande mmoja na upande mwingine ina ganda la oili iliyoungua. Inafanya kazi.

Baadaye, katika siku za kupakia, silensa ilitulia na ile tabia ya kuzima ikaacha. Je, ni plagi au ni themostati? Kwa mawazo yangu vyote viwili, na siwezi kuvigawa kwa haki, kwa sababu mzee hakutaka kusikia habari ya kurudisha B8HS ili nipime themostati peke yake. Trekta lilikuwa linafanya kazi na machungwa yalikuwa yanaiva.

Aliuliza jambo moja la maana: akitaka siku moja kurudi kwenye mafuta ya taa, plagi hizi zitafaa? Kwa kuvuta tela, sawa, mradi awashe kwa petroli, asigeuze koki kabla injini haijapata moto, na airudishe kwenye petroli kabla ya kuzima ili kabureta isibaki na mafuta mazito kwa asubuhi. Kwa kulima kutwa na mafuta ya taa, aweke B6HS na asikilize kugonga. Mafuta ya taa ya leo si yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya injini hii, yanagonga mapema zaidi. Na apime oili kila asubuhi. Ikionekana imeongezeka badala ya kupungua, hiyo ni mafuta ya taa yaliyoteremka kupitia ringi, na imwagwe bila mjadala.

Ringi za silinda ya pili zinasubiri msimu uishe. Gharama yake nilishampigia hesabu, akaitazama karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.